Umeme ulirudi, mtandao ukabaki nyuma: kisa cha chumba cha kompyuta cha Kadutu

Chumba chenyewe kiko Kadutu, hapa Bukavu, kwenye mteremko, juu ya ukumbi wa ushonaji. Ndani mna kompyuta za mapajani 16, zote za mtumba. Betri za nyingi zimekufa kabisa, na zilizo hai hazivuki dakika chache. Ruta ni moja, imepigiliwa ukutani karibu na mlango, nayo inachota intaneti kwenye modemu ya kampuni ya simu. Vijana wanaokuja pale wanajifunza kuandika barua na kutengeneza majedwali, na wachache wameanza kuandika programu.

Mfumo endeshi wa mashine hizo tuliuunda watu watatu. Tulichukua kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, tukachagua vya kuweka juu yake kimoja kimoja, kwa kuwa mashine zenye RAM ya GB 2 hazibebi mifumo mizito ya leo, na kwa kuwa tulitaka mwanafunzi asome ujumbe wa mashine kwa Kiswahili. Sehemu ya kuunganisha Wi-Fi iliangukia kwangu. Kisa hiki ni cha sehemu hiyo: nilivyoijenga vibaya, ubaya huo ulivyojitokeza, na tulivyoijenga upya.

Ubaya huo ulijitokeza kwanza kwa simu. Mwalimu wa chumba, mama mwenye miaka mingi kazini kuliko sisi watatu, alinipigia saa nne asubuhi.

"Ndugu yangu, umeme umerudi lakini rezo haijarudi."

"Pole, Mwalimu. Taa za ruta zinaonyesha nini?"

"Zinawaka vizuri. Simu yangu imeingia. Mashine ndizo zinazokataa, zote."

"Na ukizizima ukawasha?"

"Nimefanya hivyo, zimekubali. Lakini umeme ukikatika mara tatu kwa siku, nitazima na kuwasha mashine 16 mara tatu? Watoto wanakaa wananitazama."

Alikuwa amekwisha kunipa uchunguzi wote, ila mimi sikuusikia siku hiyo. Nilidhani ni ruta. Nilipanda Kadutu kesho yake nikabadilisha waya wake wa umeme, nikashuka nimeridhika. Siku ya tatu alipiga tena.

Safari ya pili nilikaa na kusubiri umeme ukatike. Ulikatika kabla ya saa sita, ukarudi baada ya nusu saa. Nilishika saa mkononi. Mwalimu na wanafunzi walibonyeza vitufe vya kuwashia mara tu taa za dari zilipowaka. Mashine zilikuwa tayari ndani ya sekunde 40 au 50. Modemu na ruta, zikiwa zimeanza pamoja nazo, zilichukua zaidi ya dakika mbili kabla jina la mtandao halijaonekana hewani. Skripti yangu, yaani orodha ya amri ambazo mashine inazifuata moja baada ya nyingine, ilikuwa imeandikwa hivi: mashine inapowaka, inua kadi ya Wi-Fi, tafuta mtandao uliotajwa kwenye faili, peleka nywila, subiri sekunde 30, omba anwani, kwisha. Ilitafuta wakati ruta bado inaamka, haikuona kitu, ikamaliza kazi yake na kulala. Hakuna aliyebaki macho. Ruta ilipoanza kuita jina lake, hapakuwa na mtu wa kuitikia.

Mashine zilikuwa nzima na ruta nzima. Kosa lilikuwa la mawazo niliyoanza nayo, na mawazo hayo yana historia ndefu kuliko yangu.

Mawazo ya kebo

Amri ya ifconfig, ya kusanidi kadi za mtandao, ilikuja na 4.2BSD, toleo la Unix la Berkeley, mwaka 1983. Iliwekwa kwa ajili ya kadi za waya: unaitaja kadi, unaipa anwani, unaiinua, umemaliza. Kwa kebo hilo linatosha, maana kuunganika kwenyewe ni kazi ya mkono wa mtu anayechomeka waya. Mtu ameshachagua mtandao gani, na ameshathibitisha kwamba anaruhusiwa kuutumia, kwa kuwa amefika mpaka kwenye tundu la ukutani.

Kiwango cha kwanza cha 802.11, ambacho ndicho msingi wa Wi-Fi, kilitoka mwaka 1997, na mifumo mingi ikakipokea kwa kujifanya ni kebo isiyoonekana. Kwenye Linux zilitumika Wireless Extensions za Jean Tourrilhes wa Hewlett-Packard, na amri ya iwconfig iliyofuata umbo la ifconfig. Ulikuwa unatoa jina la mtandao kwa amri moja, ufunguo kwa amri nyingine, chaneli kwa nyingine. Kiendeshi cha kadi, yaani programu inayoiongoza, hakikuweza kujua ipi ndiyo ya mwisho. Vingine vilianza kujiunga mara vilipopewa jina, kabla ufunguo haujafika, kisha vikaanza upya. Mtu akipanga amri zilezile kwa mfuatano tofauti, alipata matokeo tofauti. Kiolesura kilichofuata, nl80211 pamoja na cfg80211 ndani ya kerneli, kilikuja na ombi moja la kujiunga linalobeba kila kitu kwa pamoja. Nalihesabu badiliko hilo kuwa kubwa kuliko linavyosifiwa, kwa sababu ndilo lililokiri kwamba kujiunga na mtandao wa hewani ni tendo moja lenye masharti mengi.

Hata hivyo, kukiri hilo ndani ya kerneli hakukunizuia mimi kuandika skripti ya kebo juu yake. Kwenye Wi-Fi kadi inapaswa kwanza isikie ruta, ijiunge nayo, kisha zijibizane kwa jumbe nne kuthibitisha kwamba zote mbili zina ufunguo uleule, na hapo ndipo njia inafunguka kwa DHCP, utaratibu wa kugawa anwani, kuomba anwani. Kila hatua inaweza kushindwa kwa sababu yake, na iliyofaulu saa mbili inaweza kuvunjika saa tatu bila mtu kugusa kitu. Skripti inayokimbia mara moja haina jibu kwa hayo.

Usanidi ni wa nani?

Tulipokaa watatu kupanga upya, mwenzetu mmoja alitaka tuongeze tu kitanzi: skripti ikishindwa, irudie. Lingekuwa badiliko la mistari mitano, na lingemwondolea mwalimu kero yake kesho yake. Tulikaribia kukubali. Kilichotuzuia ni mashine namba 11.

Kadi ya ndani ya namba 11 ilikuwa imekufa, tukamchomekea kadi ndogo ya USB iliyonunuliwa soko la Nyawera. Kadi ya zamani iliitwa wlp2s0, jina linalotokana na mahali ilipokaa ndani ya mashine, kama systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, ilivyoanza kutaja kadi tangu toleo la 197 la mwaka 2013. Ile ya USB ikaitwa wlx na nyuma yake tarakimu 12 za anwani yake ya MAC, yaani namba ya kiwandani ya kadi. Faili langu la usanidi lilikuwa limeandikwa kwa jina la kadi. Jina lilipobadilika, mashine ikasahau mtandao wa chumba, nywila, kila kitu, ingawa ilikuwa imekaa meza ileile chini ya ruta ileile. Wiki iliyofuata mtu aliihamishia kadi hiyo ya USB kwenye mashine namba 3, na namba 11 ikarudi kuwa bila kitu.

Swali basi likawa: nywila ya mtandao wa chumba ni mali ya nani? Si ya kadi. Kadi ni sikio na mdomo tu. Nywila ni makubaliano kati ya mashine, au mtu, na mtandao fulani.

Tuliangalia wengine walivyojibu. OpenBSD, mfumo endeshi mwingine, inaweka usanidi kwenye faili lenye jina la kadi, lakini tangu toleo la 6.4 la Oktoba 2018 neno join linakuruhusu kuorodhesha mitandao kadhaa chini ya kadi moja, na kerneli yenyewe inachagua uliopo. Ni muundo mwepisi, unasomeka kwa macho, nao unafanya majibizano ya WPA, usalama wa Wi-Fi, ndani ya kerneli bila programu ya nje. FreeBSD, ndugu yake, tangu toleo la 8.0 la mwaka 2009 inatenganisha kifaa chenyewe, tuseme ath0, na kiolesura wlan0 kinachoundwa juu yake, hivyo mtu husanidi wlan0 na hana haja ya kujua chip iliyo chini yake. Kwenye Linux, iwd, programu ya kuunganisha Wi-Fi iliyoundwa na Intel, inahifadhi faili moja kwa kila mtandao ndani ya /var/lib/iwd, na jina la kadi halionekani popote.

Tulifuata njia ya mwisho: faili moja kwa kila mtandao. Lakini iwd yenyewe hatukuweza kuichukua, ijapokuwa nilitamani. Kadi mbili kati ya zile za sokoni zilikuwa na viendeshi vya zamani vinavyojua Wireless Extensions tu, na iwd inazungumza nl80211 peke yake. Tukabaki na wpa_supplicant, programu ya kazi hiyohiyo, ambayo Jouni Malinen aliianza mwaka 2003 na ambayo bado inasemezana na viendeshi wa aina zote mbili. Juu yake tukaandika programu ndogo inayokesha, inayoipa maagizo na kusikiliza inachoripoti.

Jambo dogo hapa lilitusumbua siku mbili. Jina la mtandao wa Wi-Fi si maandishi, ni baiti, zisizozidi 32, na zinaweza kuwa chochote. Mtandao wa ofisi ya jirani una herufi yenye alama ya Kifaransa, na kuna wengine huweka mkwaju (/) ndani ya jina. Ukilifanya jina hilo kuwa jina la faili moja kwa moja, mkwaju unageuka kuwa njia ya folda. Tulifanya kama iwd: jina lenye alama zisizo za kawaida linaandikwa kwa namba za msingi wa 16.

Anayekesha

Programu mpya haina mwisho. Ina hali: hakuna kadi, inatafuta, inajiunga, inathibitisha ufunguo, inaomba anwani, ina anwani, inafika nje. Tukio lolote linaweza kuirudisha nyuma, na ikirudi nyuma inaanza tena yenyewe. Ruta ikichelewa dakika mbili au saa mbili, ni sawa.

Nilikuwa na hofu kwamba kutafuta bila kukoma kungekula umeme na muda, ndiyo maana hapo mwanzo niliweka kikomo. Nilipopiga hesabu, hofu ilipungua. Ruta kwa kawaida hutangaza jina lake kila milisekunde 102.4. Kadi ikikaa kusikiliza kidogo zaidi ya hapo kwenye kila moja ya chaneli 13 za GHz 2.4, inazimaliza kwa sekunde moja na nusu hivi. Kwa mashine iliyochomekwa ukutani hilo si kitu. Tuliweka itafute kila baada ya sekunde 5, kisha 10, kisha 20, na isizidi dakika moja, na kila mashine iongeze sekunde chache za bahati nasibu ili zote 16 zisiombe anwani kwa pigo moja.

Kosa langu la pili lilizaliwa hapo. Mwanafunzi mmoja alizima Wi-Fi kwa makusudi ili afanye zoezi bila kuvurugwa. Programu yangu ikaona mtandao haupo, ikaiwasha. Akazima, ikawasha. Mwalimu aliniambia, "Mtoto anasema mashine inabishana naye." Nilikuwa nimeiandika programu isitofautishe kushindwa na kukatazwa. Sasa iko hali nyingine, imezimwa na mtu, na hiyo peke yake ndiyo programu haina ruhusa ya kuitoka. Tunaihifadhi hata mashine ikizimwa na kuwashwa, ila kwa mtumiaji yule tu. Anayeingia baada yake anakuta Wi-Fi iko hai.

Kabla sijaendelea, niseme juu ya saa, maana watu wengi wanaolalamika kwamba Wi-Fi haifanyi kazi wana tatizo la saa. Mashine hizi za zamani zina betri ndogo ya kwenye ubao mama, na ikifa, kila umeme unapokatika mashine inarudi kwenye mwaka iliotengenezwa. Ikiunganika vizuri kabisa, kivinjari bado kinakataa kila tovuti ya HTTPS kwa sababu, kwa saa ya mashine, vyeti vya utambulisho vya tovuti hizo bado havijaanza kutumika. Mwanafunzi anaona ukurasa wa onyo na kusema hakuna rezo. Mashine 5 kati ya 16 zilikuwa hivyo. Tuliweka kuchukua saa kwa NTP, yaani kuuliza saa mtandaoni, kuwe hatua ya lazima mara anwani inapopatikana, kabla ya kutangaza kwamba mashine inafika nje, na mashine inaandika saa ya mwisho inayoijua kwenye diski ili ikiwaka isianzie mbali hivyo.

Megabaiti za binti mmoja

Sasa nafika kwenye sehemu ya kisa hiki inayoniuma zaidi.

Siku ambazo modemu ya chumba ilikuwa haina forfe, yaani kifurushi cha intaneti, wanafunzi waliunganisha mashine kwenye simu zao. Skripti yangu ya kwanza ilikubali: unaandika jina la simu na nywila, mashine inahifadhi. Binti mmoja alifanya hivyo kwenye mashine namba 7, akatuma barua yake ya kuomba kazi, akaenda. Kesho yake alikaa namba 2, simu mfukoni ikiwa bado inagawa mtandao. Kwenye namba 7 alikaa kijana mwingine. Mtandao wa chumba ulikuwa umekatika, namba 7 ikakumbuka simu ya binti, ikajiunga bila kumwuliza mtu. Kisha mfumo wetu, kwa utiifu, ukaanza kupakua masasisho. Forfe yake ya mwezi mzima iliisha kabla ya saa sita.

Kijana hakuiba kitu, hata hakujua. Binti hakukosea. Ni sisi tuliompa mashine ya watu wote siri ya mtu mmoja, kisha tukaiambia iitumie kwa niaba ya kila atakayekaa pale. Tulichanga watatu tukamrudishia forfe yake, na nikamweleza mbele ya darasa ilikuwaje, kwa sababu wenzake walikuwa wameanza kumtazama vibaya yule kijana.

Badiliko lililotoka hapo ndilo naliona kiini cha muundo mpya. Kila mtandao unaohifadhiwa una mwenyewe. Mtandao wa chumba ni wa mashine: unaandikwa na mwalimu, unafanya kazi hata kabla mtu hajaingia, na mwanafunzi haoni nywila yake. Mtandao anaouongeza mwanafunzi ni wake: unakaa kwenye folda yake, unatumika akiwa ameingia, na akitoka mashine inauacha saa ileile. Chaguo la kuugeuza wa watu wote lipo, lakini linaomba nywila ya mwalimu.

Pili, mtandao unaweza kuwa wa kulipia kwa megabaiti, na mfumo unapaswa kulijua hilo. Simu za Android zinasaidia: zinapogawa anwani kwa DHCP, huweka neno ANDROID_METERED ndani ya chaguo namba 43. Programu yetu inalisoma neno hilo, na likionekana, masasisho yote yanasimama na alama ya njano inawaka pembeni. Kwa simu zisizosema lolote, tunamwuliza mtu mara ya kwanza tu: "Mtandao huu unalipiwa kwa megabaiti?" Asipojibu, tunachukulia ndiyo. Bukavu, na nadhani miji mingi yetu, kuchukulia vinginevyo ni kumtoza mtu bila idhini.

Nywila na maneno ya kuisemea

Kwa WPA2, toleo la pili la usalama wa Wi-Fi, nywila ya herufi 8 hadi 63 haitumiki moja kwa moja. Inachanganywa na jina la mtandao na kuzungushwa mara 4096 kwa hesabu iitwayo PBKDF2 mpaka itoke namba ya biti 256, ambayo ndiyo ufunguo. Nilikuwa nimeamua tuhifadhi ufunguo huo badala ya nywila, ili anayefungua faili asipate neno ambalo mwenyewe huenda analitumia kwingine pia. Nilitumia amri ya wpa_passphrase kuutengeneza, na kwa miezi kadhaa sikugundua kwamba amri hiyo huandika nywila yenyewe, wazi, kwenye mstari wa maelezo juu ya ufunguo. Mafaili yote 16 yalikuwa nayo. Mwenzangu ndiye aliyeona.

Tuliifuta mistari hiyo. Halafu simu mpya zikaja, nyingine zikigawa mtandao kwa WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, na WPA3 haitumii ufunguo ule. Inaanza na nywila yenyewe. Mafaili yenye ufunguo pekee yakakosa maana kwenye simu hizo. Leo tunahifadhi nywila, kwenye faili ambalo mfumo peke yake una ruhusa ya kulisoma. Diski hazijasimbwa, kwa hiyo anayeichomoa diski ataisoma. Tumemwambia mwalimu hivyo, na akaamua asitumie nywila ya chumba kwa jambo lingine lolote.

Swali la nini kimwambiwe mtu nywila inapokataliwa lilichukua mjadala mrefu kuliko nilivyotarajia. Katika WPA2 ruta haisemi "nywila si sahihi". Majibizano ya jumbe nne yanakatika katikati, ruta inakuondoa, mara nyingi ikitaja msimbo wa sababu namba 15, ambao maana yake ni kwamba muda wa majibizano umekwisha. Nywila mbaya huleta hivyo. Ishara dhaifu pia huleta hivyo. Na darasani kuna chanzo cha tatu: simu mbili za toleo moja la Tecno, zote zikigawa mtandao kwa jina lilelile la kiwandani, kila moja na nywila yake. Mashine inajiunga na ile iliyo karibu, kumbe siyo ya mwenyewe.

Rasimu yangu ya ujumbe ilisema: "Umekosea nywila." Mwalimu aliisoma akaitoa miwani. "Usimwambie mtoto amekosea wakati wewe mwenyewe hujui. Ataandika nywila ileile mara kumi akiamini mkono wake ni mbaya." Ujumbe wa sasa unasema: "Mtandao huu haukukubali nywila. Hakikisha herufi, sogea karibu, au angalia kama kuna simu nyingine yenye jina hili." Na hatufuti nywila iliyowahi kufanya kazi kwa sababu tu imekataliwa leo, tunaiacha na kujaribu tena baadaye, tukiwa tumeona mara ngapi ishara inavyodanganya.

Juu ya nchi na chaneli nitakuwa mfupi. Aliyefunga ruta aliiweka kwenye chaneli ya 13 akikimbia msongamano. Simu ziliiona, mashine zetu hazikuiona hata kidogo. Nilikuwa nimenakili mfano wa usanidi wenye mstari wa country=US, na kanuni za Marekani kwenye hifadhidata ya Linux haziruhusu chaneli hiyo. Sasa mashine mpya inaanza na 00, yaani kanuni za pamoja za dunia, ambapo chaneli za 12 na 13 zinasikilizwa bila kadi kuanza kusema. Mwenye kusakinisha anaulizwa nchi kwa jina kamili, si kwa herufi mbili, maana CD (Kongo-Kinshasa) na CG (Kongo-Brazzaville) watu huzichanganya. Wazo la kuikisia nchi kutokana na ruta ya kwanza inayosikika tulilikataa; kutoka kwenye vilima vyetu mashine inaweza kusikia ruta iliyo ng'ambo ya mto Ruzizi, nchini Rwanda, na ruta nyingi za sokoni zinatangaza nchi ya aliyezitengeneza.

Jaribio lilifanyika Jumamosi, bila wanafunzi. Tulizima umeme wa chumba kwenye swichi kuu, tukasubiri, tukauwasha, mwalimu akibonyeza vitufe kama kawaida yake. Mara ya kwanza mashine 14 ziliingia zenyewe ndani ya dakika tatu. Mbili zilizobaki zilikuwa zile zenye kadi za viendeshi vya zamani: zilipokosa mtandao mara ya kwanza, zilirudisha orodha tupu ya utafutaji mpaka kadi ishushwe na kuinuliwa. Tuliongeza sheria kwa kadi hizo tu, kwamba baada ya utafutaji mtupu mara sita kadi ishushwe na kuinuliwa yenyewe. Tulirudia mara nne zaidi, na zote 16 ziliingia.

Kilichobaki wazi ni maktaba ya parokia, ambako baadhi ya wanafunzi hubeba mashine siku za Alhamisi. Mtandao wa pale hauna nywila, lakini unakuonyesha ukurasa wa kukubali masharti kabla ya kukuruhusu. Programu yetu inautambua kwa kuomba anwani moja inayojulikana ya HTTP na kutazama kama jibu ni 204, msimbo wa jibu tupu, au ukurasa wa mtu mwingine. Mwenzetu anataka ukurasa huo ufunguke wenyewe. Mimi nataka kitufe, mtu abonyeze akijua anaingia wapi, kwa kuwa mtandao usio na nywila unaweza kuwekwa na yeyote kwa jina hilohilo. Kwa sasa mashine haijiungi yenyewe kamwe na mtandao wa wazi isipokuwa mtu aliuhifadhi, na toleo lenye kitufe liko kwenye mashine namba 4, 7 na 12 mpaka mwisho wa muhula.